Kuchagua diski ya kompyuta: kwa nini mbili za wastani huishinda moja kubwa

Kompyuta iliyoharibika hununuliwa nyingine, lakini picha za harusi, orodha ya madeni na alama za wanafunzi haziuzwi dukani. Makala haya yanaeleza aina za diski zilizoko sokoni, namna ya kuzikagua kabla ya kulipa, na sababu ya kuigawa bajeti ndogo badala ya kuimaliza kwenye kifaa kimoja.

Kompyuta inapokataa kuwaka, mwenyewe huwa hamwulizi fundi kwanza gharama ya matengenezo. Humwuliza kama vitu vyake vimesalimika. Jibu la swali hilo limo ndani ya kifaa kimoja kinachoenea kiganjani, nacho ni diski. Kioo, betri, kibodi na hata bodi mama huweza kubadilishwa na kuwekwa vingine vya aina hiyohiyo. Yaliyoandikwa kwenye diski hayana badala yake mahali popote, ila kama mwenyewe alikwishayawekea nakala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe liko ndani ya diski. Mwenye duka la jumla Buyenzi mjini Bujumbura, mpiga picha za harusi Nyamirambo jijini Kigali, katibu wa msikiti au wa parokia, mwalimu anayetunza matokeo ya darasa zima: kila mmoja wao amekabidhi kazi ya miaka kwa kifaa ambacho pengine hajawahi kukiona kwa macho.

Hata hivyo, wengi wanaokwenda kununua diski huuliza mambo mawili tu, yaani ukubwa wake na bei yake. Lipo swali la tatu linalopaswa kutangulia: diski hii ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi nitabaki na nini? Atakayeanza na swali hilo atanunua kwa namna nyingine.

Aina mbili zinazofanya kazi moja

Diski za madukani ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya siku nyingi ambayo mafundi huiita hadi diski, nasi katika makala haya tutaiita diski ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, zikizunguka kwa kasi kwenye mhimili mmoja. Mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea na kuandikia hupita juu ya sahani hizo bila kuzigusa, na mwanya uliopo kati yao ni mwembamba mara maelfu kuliko unywele.

Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitangazwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban sentimita 61, na uzito wake ulikaribia tani moja. Iliweza kuhifadhi herufi milioni 5, kiasi kinachokaribiana na picha moja inayopigwa kwa simu ya leo. Vipimo vimebadilika mno tangu wakati huo, lakini kanuni ya kazi imebaki ileile ya sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta.

Aina ya pili ni SSD. Hii haina kitu chochote kinachozunguka. Huhifadhi habari kwa kunasa chaji za umeme ndani ya chembe ndogo mno za kumbukumbu, kama zinavyofanya flashi na kadi za simu. Kumbukumbu ya namna hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba.

Mwendo wa kompyuta, uzito wa diski, ustahimilivu wake na jinsi inavyokufa ni mambo yanayotokana na tofauti hiyo moja ya maumbile.

Mwendo unaoonekana kwa macho

Diski nyingi za sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde. Kila mara kompyuta inapohitaji faili, kichwa hakina budi kusogea hadi mahali pake na kusubiri sehemu ya sahani yenye faili hilo ifike chini yake. Kusubiri huko pekee huchukua wastani wa milisekunde 4, na ukijumlisha muda wa kichwa kusogea, jumla hupita milisekunde 10. Ni muda mfupi kwa binadamu, lakini kompyuta inapowaka huomba maelfu ya mafaili madogo, na kila moja lina kusubiri kwake.

SSD haina cha kusubiri kizunguke. Hujibu ombi kama hilo katika muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka hugeuka ikawa tayari chini ya dakika moja, mara tu diski yake ya sahani inapotolewa na kuwekwa SSD. Anayefikiria kununua kompyuta nyingine kwa sababu ya uzito wa ile aliyo nayo, afikirie kwanza badiliko hilo, kwani mara nyingi ndilo la bei nafuu kuliko yote na linaloleta nafuu kubwa zaidi.

Zipo SSD zinazoshinda SSD nyingine. Zinazounganishwa kwa njia ya SATA hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na zile za NVMe hufikia megabaiti elfu kadhaa. Kwa anayehariri video ndefu, tofauti hiyo ina maana. Kwa anayeandika barua, kutunza hesabu na kusoma habari kwenye intaneti, ni vigumu kuihisi. Hatua kubwa ni ile ya kutoka sahani kwenda SSD yoyote iliyo nzuri, na hatua zinazofuata ni ndogo ingawa bei yake huweza kuwa kubwa.

Nafasi: pima kazi yako kwanza

Muuzaji humhimiza mteja achukue kubwa zaidi kwa hoja kwamba nafasi haiozi. Ni busara kufanya hesabu kabla ya kukubali.

Hati ya maandishi ya kawaida haifiki hata nusu ya megabaiti. Mwalimu au katibu mwenye hati 10,000 hatajaza gigabaiti 5. Picha za simu au za kamera ya kawaida ni nzito zaidi. Tukikadiria megabaiti 5 kwa kila moja, picha 20,000 zitachukua gigabaiti 100. Video ndiyo inayokula nafasi. Kamera inayorekodi kwa kiwango cha megabiti 24 kwa sekunde hutoa karibu gigabaiti 11 kwa saa moja. Ile inayorekodi picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hutoa gigabaiti 45 kwa saa. Harusi moja iliyopigwa kwa saa nane kwa kiwango hicho hula gigabaiti 360.

Kwa hiyo mtu wa hati na hesabu anatosheka kabisa na gigabaiti 240 au 256, pamoja na mfumo wa kompyuta na programu zake. Anayetunza picha za familia huhitaji gigabaiti 500 hadi terabaiti 1. Mtu wa video ndiye mwenye sababu ya kuuliza terabaiti nyingi, na kwa kazi hiyo diski ya sahani bado ina nafasi yake, kwa kuwa kila gigabaiti yake ni ya bei nafuu kuliko ya SSD.

Jambo moja huwashtua wanunuzi bila sababu. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 ikiunganishwa kwenye kompyuta ya Windows huonyesha gigabaiti 931. Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kila hatua kwa 1,024 badala ya 1,000. Vivyo hivyo, diski ya gigabaiti 500 huonyesha takriban 465. Pungufu kubwa kuliko hilo ndilo la kutiliwa shaka.

Je, itaingia katika kompyuta yako?

Diski njema isiyolingana na kompyuta yako ni hasara. Diski za sahani za kompyuta za mezani huitwa za inchi 3.5, na zile za kompyuta mpakato ni za inchi 2.5. SSD za SATA nyingi nazo zina umbo hilo la inchi 2.5, hivyo huingia bila taabu mahali ilipotolewa diski ya zamani ya kompyuta mpakato.

Utata uko kwenye vijiti vyembamba vinavyoitwa M.2. Vingi vina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na kwa macho hufanana. Hata hivyo, baadhi huzungumza lugha ya SATA na vingine ya NVMe, na tundu la kompyuta linaweza kukubali lugha moja na kuikataa nyingine. Kijiti huenda kikaingia vizuri, na kompyuta isikitambue. Kabla ya kununua, soma jina kamili la kompyuta yako nyuma au chini yake, kisha utafute maelezo ya mtengenezaji, au mpelekee fundi kompyuta yenyewe badala ya kumweleza kwa simu.

Kwa diski za nje zinazounganishwa kwa USB, fahamu kwamba zile za sahani za inchi 3.5 huhitaji waya wake wa umeme, ilhali zile ndogo za inchi 2.5 huendeshwa na umeme wa kompyuta. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, zile ndogo zina faida, kwani kompyuta mpakato yenye betri huweza kumaliza kunakili hata taa zikizimika.

Maandishi madogo kwenye lebo

Mambo mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, au yasiyoandikwa kabisa, yanastahili kuulizwa.

Kwa diski za sahani, ni namna zinavyoandika. Zipo zinazoandika njia zao ubavu kwa ubavu, na namna hiyo huitwa CMR. Nyingine huandika njia zikilaliana kama vigae vya paa ili zienee nyingi zaidi, na hiyo huitwa SMR. Kubadilisha kigae kimoja cha katikati hulazimu kuvigusa vilivyo juu yake, na vivyo hivyo diski ya SMR hupunguza sana mwendo inapoandikwa upya kwa muda mrefu. Mwezi Aprili mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za jina la Red zilitumia SMR bila wanunuzi kuelezwa wazi, na malalamiko yakaenea kiasi cha kuwafanya watengenezaji kuanza kuchapisha orodha za diski zao. Kwa diski ya kuwekea nakala inayojazwa na kuwekwa kabatini, SMR haina tatizo. Kwa diski ya kufanyia kazi kila siku, tafuta CMR.

Kwa SSD, herufi za kutazama ni TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anadhamini zitaandikwa kabla chembe hazijachakaa. Mathalani, Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imeandikiwa TBW 300. Mtu anayeandika gigabaiti 40 kila siku, kiasi ambacho wengi hawakifikii, atahitaji zaidi ya miaka 20 kufika huko. Basi hofu ya kwamba SSD huisha upesi haina msingi kwa matumizi ya nyumbani. SSD isiyo na jina linalojulikana wala namba ya TBW ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa mnunuzi hajui ndani yake mmewekwa nini.

Kila diski ina siku yake

Hakuna diski isiyokufa. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za wateja katika maelfu kwa maelfu ya diski, imekuwa ikichapisha hesabu za vifo vya diski hizo kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika taarifa zake za miaka ya 2021 hadi 2024, kila mwaka zilikufa kati ya diski 1 na 2 kwa kila 100. Kwa mwenye ghala hiyo ni namba ndogo. Mwenye diski moja hawezi kupata msiba wa asilimia moja, kwa sababu siku diski yake itakapokufa atakuwa amepoteza vyote.

Wapo wanaotegemea dalili. Diski huwa na mfumo wa kujipima uitwao SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha vipimo vyake. Inafaa kuitumia, lakini isiwe tegemeo pekee. Utafiti wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya hitilafu katika vipimo hivyo.

Namna ya kufa pia hutofautiana. Diski ya sahani mara nyingi huugua kwanza, ikigongagonga, ikichelewa kufungua mafaili au ikiganda. Ukisikia sauti mpya, zima kompyuta na usiiwashe tena kwa kujaribujaribu. Usikubali diski ifunguliwe mezani dukani, kwani chembe moja ya vumbi kati ya kichwa na sahani hutosha kukwangua kilichobaki. Kazi hiyo hufanywa katika vyumba maalumu visivyo na vumbi, kwa gharama ambayo kwa kawaida huzidi bei ya diski mara nyingi. SSD aghalabu hufa kwa ghafula: jana ilikuwapo, leo kompyuta haioni kitu. Na faili lililofutwa kwenye SSD ni vigumu kulirudisha, kwa sababu diski hiyo hujisafisha yenyewe ili ipate mahali pa kuandikia upya.

Umeme, joto na mtikisiko

Mazingira yetu yana maadui wake. Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za setilaiti ya NASA waliitaja Kabare, iliyo mashariki mwa Kongo karibu na Ziwa Kivu, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa mimweko ya radi, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Wakazi wa pande zote za ziwa hilo hawahitaji kuelezwa maana yake. Radi ikipiga nguzo, umeme uliopanda ghafla hupita katika kila kifaa kilichochomekwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu hununua diski mbili, akaziweka zote ndani ya kompyuta moja, au akaiacha ya nje imechomekwa mchana na usiku. Radi moja huzimaliza zote mbili. Mwizi mmoja huzibeba zote mbili. Kirusi kimoja cha aina ya wale wanaofunga mafaili na kudai fidia huzifunga zote mbili. Diski ya nakala hulindwa kwa kuchomolewa na kuwekwa mbali na kompyuta.

Kukatika kwa umeme peke yake ni adui mwingine. Diski ya sahani iliyo nzima huweza kutumia mzunguko wake wa mwisho kuondoa vichwa juu ya sahani, lakini faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika. SSD nyingi za bei ya kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia maandishi, nazo huweza kupoteza kilichokuwa njiani. Mwenye kompyuta ya mezani anastahili kuweka fungu la kifaa cha UPS katika bajeti yake, hata kama kitamlazimu kuchukua diski iliyo ndogo kidogo.

Mtikisiko huiumiza diski ya sahani iliyo kazini, hivyo anayebeba kompyuta yake kwa pikipiki ana sababu ya ziada ya kuchagua SSD. Joto nalo huiumiza SSD iliyolala. Kwa kigezo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyofikia kikomo cha uandishi wake inatakiwa kutunza data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Iliyo mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kwa nakala itakayokaa sandukuni miaka mingi, diski ya sahani ni chaguo bora, mradi ichomekwe na kukaguliwa angalau mara moja au mbili kwa mwaka.

Mitego ya sokoni

Bei ya diski haitulii. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda, na dunia nzima ikashuhudia bei za diski za sahani zikipanda. Leo watengenezaji wakubwa wa diski hizo wamebaki watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Bei inapopanda, walaghai hupata wateja.

Mtego wa kwanza ni wa nafasi ya uongo. Huuzwa vijisanduku vizuri vilivyoandikwa SSD ya terabaiti 16 au 30, kwa bei ya chini kuliko terabaiti moja ya kampuni inayojulikana. Ndani yake mara nyingi mna kadi ndogo kama ya simu, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Utanakili mafaili, nayo yataonekana yameingia, kumbe yaliyozidi nafasi ya kweli yametupwa au yamefuta yaliyotangulia. Programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, huijaza diski nzima kisha huisoma yote tena ili kuhakikisha kila kilichoandikwa kipo. Jaribio hilo huchukua saa kadhaa. Lifanye kabla ya kuiamini diski mpya ya nje hata picha moja.

Mtego wa pili ni diski kuukuu iliyovishwa upya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kwa wateja kama mpya, huku kipimo cha saa za matumizi kikiwa kimerudishwa sifuri. Kampuni hiyo ilisema si yenyewe iliyoziuza kwa wafanyabiashara. Likitokea hilo katika soko lenye ukaguzi mkali, linaweza kutokea popote.

Kununua diski iliyotumika si kosa, mradi ujue ni iliyotumika na bei yake iwe hivyo. Mwombe muuzaji aichomeke na kufungua CrystalDiskInfo mbele yako. Tazama saa za kuwashwa, ukikumbuka kwamba mwaka mzima una saa 8,760. Tazama pia idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu. Kwa diski ya sahani, namba hiyo ikizidi sifuri, irudishe mezani. Chukua risiti yenye namba ya diski, kwa kuwa dhamana isiyo na risiti ni maneno matupu. Na diski ya mtumba isiwe kamwe mahali pekee palipo na kitu unachokithamini.

Namna ya kuigawa bajeti

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, jibu lake ni la hesabu. Mwenye fedha za kununua SSD moja ya terabaiti 1 mara nyingi anaweza, kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, kupata SSD ya gigabaiti 250 kwa kazi na diski ya sahani ya nje kwa nakala. Katika hali ya kwanza ana nafasi kubwa na hana ulinzi. Katika hali ya pili ana mwendo uleule, nafasi inayomtosha, na kesho yenye uhakika.

Mwalimu au katibu anatosheka na SSD ndogo ndani ya kompyuta na diski ndogo ya nje ya sahani, inayochomekwa kila Ijumaa jioni kisha ikafungiwa kabatini. Hati za muhimu kabisa zinaweza pia kunakiliwa kwenye flashi, lakini flashi ihesabiwe kuwa msaidizi tu.

Mwenye duka ana data ndogo inayobadilika kila siku. Kwake nakala ya mwezi uliopita haimsaidii kumjua mdeni wa jana. Anufaike kwa diski mbili ndogo za nje zinazopokezana, moja dukani na nyingine nyumbani, akizibadilisha kila siku afungapo duka.

Mpiga picha za video anahitaji SSD yenye nafasi ya kazi inayoendelea, pamoja na diski mbili za sahani za ukubwa sawa kwa kazi zilizokamilika. Moja ikae studio na ya pili ikae nyumba nyingine. Kadi ya kamera isifutwe kabla kazi haijafika kwenye diski zote mbili.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3, 2, 1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Nakala ya mahali pengine inaweza kuwekwa kwenye intaneti, lakini hesabu ifanywe. Kupandisha gigabaiti 100 kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne mfululizo. Kwa hati na picha chache, intaneti inafaa sana. Kwa harusi nzima, diski iliyokabidhiwa ndugu wa mtaa wa pili hufika mapema zaidi.

Kabla ya kwenda dukani, basi, andika mambo matatu kwenye karatasi: jina kamili la kompyuta yako, jumla ya gigabaiti unazotumia sasa, na mahali ambapo diski ya pili itakaa. Ukifika kwa muuzaji, mpe mambo mawili ya mwanzo. La tatu litakusaidia kujua ubakize kiasi gani mfukoni. Kisha, mara moja kila mwezi, fungua faili moja kutoka kwenye nakala uone kama linasomeka, kwa kuwa nakala isiyowahi kufunguliwa bado haijathibitisha kuwa ni nakala.